Kwa Nini Mzinga Hubishiwa Hodi

Sogeeni upande huu, moshi hautawafuata. Asali inachujika polepole na haipendi kusimamiwa, kwa hiyo tuna muda. Niliwaona mlivyotazamana nilipokuwa juu ya mti, nilipogonga mzinga kwa kidole, nikataja jina langu, jina la baba yangu na shida iliyonipeleka pale. Mmoja wenu akacheka. Sikukasirika, na nyuki nao hawakukasirika, maana aliyecheka alikuwa mbali. Lakini anayekula asali yangu lazima ale na habari yake. Kaeni basi niwaeleze. Na wanaume wa kambi hii wakiwaambia kwamba mzinga ulibuniwa na mwanamume, wasikilizeni kwa heshima, kisha msahau.

Hapo kale nyuki hawakuwa na nyumba. Walitundika masega yao nje, kwenye matawi, wazi kabisa, kama nguo zilizoanikwa. Mvua ikinyesha iliwanyeshea, jua likiwaka liliwachoma, na kila apitaye aliiona akiba yao yote. Hebu fikirini mtu apike njiani, ale njiani, alale njiani, na kila mpita njia amchungulie chungu chake. Angekuwa na tabia gani? Basi nyuki wa kale walikuwa na tabia hiyo hiyo. Walimuuma aliyewachokoza na asiyewachokoza, na mwanamke hakuweza kupita na mtungi wake bila kujifunika kanga mpaka machoni.

Watu nao hawakuwa malaika. Aliyetaka asali alifunga mwenge wa nyasi kavu, akauwasha, akaupeleka kwenye sega mpaka nyuki wakaungua au wakakimbia. Kisha alikata kila kitu: asali, nta, hata majana, yaani watoto wa nyuki ambao hawajaota mabawa. Hakuacha kitu. Watu wa wakati ule waliita kazi hiyo kurina asali. Mimi naiita kuchoma nyumba ya mtu kisha kujisifu kwa mkaa. Mwaka hadi mwaka nyuki wakapungua, na waliobaki wakazidi ukali, mpaka asali ikawa kitu cha kusimuliwa na wazee.

Katika nchi hiyo, hapa hapa kwenye miombo, alikuwako msichana aitwaye Kalunde. Mama yake, Nyanzala, alikuwa mwanamke wa adabu kali. Kwake mtoto alifundishwa kusema hodi kabla hajafundishwa kuomba uji. Kalunde alikua hivyo, na majirani walimcheka kwa sababu alibisha hodi hata kwenye banda la kuku kabla ya kuokota mayai. Kuku walimzoea. Nasikia hata walimpisha.

Kalunde alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Mhoja. Huyu hakuwa mtu mbaya, asije mtu akamchukia mapema. Alikuwa hodari wa jembe, mkarimu, na kicheko chake kilisikika kijiji kizima. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hodi hakuijua. Aliingia nyumba za watu akiwa katikati ya maneno, kana kwamba mazungumzo yalikwisha kuanzia nje. Wengine walimvumilia. Lakini siku moja aliingia hivyo hivyo kwa Nyanzala, akamkuta anakula.

Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu na kugombania paja la kuku, hamtaelewa. Enzi hizo mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini akajifanya anatafuta kuni. Sasa mtu huyo kaingia ndani, na Nyanzala ana tonge mdomoni! Mama wa watu aliinuka na mboga mkononi, akatokea mlango wa nyuma, na hakurudi nyumbani kwake mpaka jua lilipotua.

Nyanzala hakuvunja uchumba. Alijua bintiye anampenda kijana yule, na kweli alimpenda, sitazunguka: Kalunde akimsikia Mhoja akicheka kwa mbali, mchi ulimponyoka mkononi. Lakini aliweka sharti. Harusi ya nchi ile haikuwa harusi bila wanzuki, pombe ya asali, ya kuwamwagia wahenga na kuwanywesha wazee. "Mwambieni alete kibuyu kilichojaa asali kabla mvua ya kwanza haijanyesha," akasema. "Asipoleta, binti yangu ataolewa na yule mgane wa ng'ambo ya mto. Mzee, ndiyo, lakini angalau anajua kusimama mlangoni."

Mhoja akaingia porini na mwenge wake. Alizunguka sana, maana nyuki walikuwa haba, na alipolipata kundi moja juu ya tawi hakutaka kulikosa. Akafunga mwenge mnene kupita kiasi. Moto ukashika sega lote, nta ikayeyuka, asali ikadondoka kwenye majivu, na tawi lenyewe likavunjika. Mhoja akarudi nyumbani bila asali na bila nyusi. Nyuki walionusurika wakapaa juu ya miti, kundi zima, wakizunguka bila kujua waende wapi.

Siku zile Kalunde alikuwa anatengeneza kilindo chake cha harusi. Kilindo ni kasha la mviringo la gome la mti. Bibi zetu walihifadhia humo nguo, unga na shanga. Alibandua gome la mtundu, akalikunja, akalishona kwa kamba, akaziba ncha zake kwa vifuniko. Kisha akalipaka nta ndani ili unyevu na wadudu wasiingie, akalitundika kwenye panda ya mninga nyuma ya nyumba, mchwa wasilifikie. Akaacha tundu dogo kwenye kifuniko kimoja, akiwaza kwamba ataliziba kesho.

Kesho yake alipokwenda kuliziba, alisikia kilindo kinanguruma.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu nyumba yote ya nyuki imejengwa juu yake. Babu yake Kalunde, marehemu Lubigisa, alikuwa mrina asali, mtu wa kifua kipana na sauti ya chini sana. Alikuwa na kawaida ya kunguruma anapokula kitu kitamu. Kalunde aliposikia mngurumo ule ule ukitoka ndani ya kilindo chake cha harusi, hakuwaza nyuki. Nyuki walikuwa watu wa nje, nani aliwahi kusikia wamekaa ndani ya kitu? Aliwaona wachache wakiingia na kutoka tunduni, akaona ni sawa tu, mrina asali haji peke yake. Akajua, kama ambavyo mngejua ninyi kama mngelelewa vizuri, kwamba babu amekuja kuibariki harusi.

Basi akapanda, akapiga magoti kwenye panda. Akagonga gome polepole kwa kidole. "Hodi, babu. Ni mimi Kalunde, binti wa Nyanzala. Nimekuja kukuamkia."

Mngurumo ukapanda ghafla, uuuum, kisha ukashuka ukatulia. Kalunde akaona ameitikiwa. Akamwekea babu maji kwenye kigae, na kijiti juu yake, maana wazee hawapendi kuinama. Akatia majani ya kunukia kwenye kigae kingine chenye kaa la moto, kama inavyofanywa kwa wahenga, akaupitisha moshi mwembamba karibu na tundu. Akawakataza watoto wasipige kelele chini ya mninga, na mbuzi wakafungwa upande mwingine. Kila alipokwenda alibisha, alijitaja, alisema shida yake, na alipoondoka aliaga.

Kijiji kilicheka. Kulikuwa na wimbo mdogo wa kumdhihaki, siwaimbii, una maneno. Lakini kitu kimoja kiliwafunga midomo: nyuki hawakumgusa Kalunde. Yeye peke yake katika nchi nzima alitembea bila kujifunika uso.

Miti ikachanua, kama ifanyavyo miombo kabla ya mvua. Kilindo kikawa kizito, tawi likainama. Siku moja mchana, jua likiwa kali, tone lilipenya kwenye mshono wa gome likamwangukia Kalunde mkononi. Akalamba. Mnajua wanavyosema, mchovya asali hachovyi mara moja. Akasubiri tone la pili, na la tatu. Lilikuwa safi, halikuwa na harufu ya moto wala mchanga wa majivu. Akacheka peke yake chini ya mti, kisha akainua macho, akaona mawingu yamekusanyika upande wa mashariki. Harusi yake ilikuwa humo ndani ya kilindo, na mvua ilikuwa njiani.

Alitaka kwenda kuchukua kigae cha moshi na kuomba kwa taratibu. Kosa lake likawa kumwambia Mhoja kwanza. Alimkuta kisimani akamnong'oneza, na Mhoja hakungoja amalize. Alitupa ndoo, akakimbia mpaka kwenye mninga, akapanda kwa furaha zote, akang'oa kifuniko kwa mikono miwili huku bado anaongea.

Watu husema fuata nyuki ule asali. Wamesahau kusema ubishe kwanza. Kundi lote lilitoka kwa mpigo mmoja. Mhoja hakushuka mti ule, alianguka. Akakimbia kuvuka uwanja, akazunguka ua wa jirani, akaruka kinu, na nyuki nyuma yake. Mlango wa kwanza uliokuwa mbele yake ulikuwa wa Nyanzala, na ulikuwa umeegeshwa tu. Mguu mmoja ulikwisha kuinuka kuingia. Sijui ni nini kilimpata, labda sindano ilipenya mahali pa akili. Akaukumbuka ule mlango na ile siku ya tonge, akasimama, pale pale, nyuki wakimla shingo.

"Hodi!" akalia. "Hodi humu ndani! Hodi, mama!"

Kutoka ndani ikaja sauti ya Nyanzala, tulivu kabisa. "Nani huyo?"

"Mimi Mhoja!"

"Mhoja yupi? Ninayemjua mimi habishi hodi."

"Ndiye huyo huyo, mama! Nimebadilika!"

"Umebadilika lini?"

"Sasa hivi!"

"Haya. Habari za huko utokako?"

"Nzuri, mama! Aah! Nzuri sana!" Maana hata mtu aliwe na simba, ataanza na nzuri, mabaya yatafuata baadaye.

"Na za nyumbani kwenu? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo! Uwiii! Wanakusalimu!"

"Nimezipokea. Karibu ndani, mwanangu." Na Nyanzala akajifunga kanga yake vizuri, akatokea mlango wa nyuma kama adabu inavyotaka, akamwachia mkwewe nyumba nzima. Wanasema alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, lakini kwa heshima, akiwa ameuelekea ukuta.

Wakati huo Kalunde alikuwa amepitia jikoni akachukua kibuyu, kisu na kigae cha moshi, akafika chini ya mninga. Kilindo kilikuwa wazi, masega yanaonekana, meupe, yamepangwa kama mikate. Nyuki waliomwacha Mhoja walirudi wakajikusanya kwenye tawi la juu, wameshikana, hawajui wakae au waondoke. Upepo wa mvua ulikwisha kuanza. Kibuyu alikuwa nacho mkononi. Asali iliyokuwa mle ndani ingekijaza, sharti lingetimia, na Mhoja angekuwa wake. Alichotakiwa kufanya ni kukata yote.

Alipanda, akakata sega la kwanza, akakata la pili. Kibuyu kilipofika nusu, kisu kikasimama. Aliwatazama wale walio juu ya tawi, wanyonge, bila nyumba, na mvua inakuja. Aliumia moyoni, maana alimtaka Mhoja, na yule mgane wa ng'ambo ya mto alimtisha. Alisimama hapo muda mrefu kuliko mtu mwenye haraka anavyoweza kusimama. Kisha akarudisha kisu kiunoni, akafunika kilindo, akaacha tundu lile lile. Akaupitisha moshi wake mwembamba, akagonga.

"Hodi tena," akasema. "Ni mimi Kalunde. Nimechukua nusu kwa ajili ya harusi, nusu ni yenu na watoto wenu. Yule aliyeingia bila hodi ni mchumba wangu. Msameheni, mama yake alifariki mapema. Mvua inakuja, ingieni ndani."

Kwanza akaingia mmoja. Halafu wengine, halafu wote, kama wageni wanaoitwa mezani, wanaona haya mwanzoni, kisha hakuna anayetaka kubaki nje. Ndani ukasikika ule mngurumo, ukapanda, ukashuka, ukatulia.

Kalunde alikifikisha kibuyu kwa mama yake huku matone makubwa yameanza kupiga vumbi. Majirani walikwisha kujaa uani, hakuna aliyetaka kukosa. Nyanzala akachungulia ndani ya kibuyu, akachovya kidole. Hakuwahi kuonja asali isiyo na majivu. Akachovya tena, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Nyanzala.

"Nilisema kijae," akasema.

"Hiyo iliyobaki ni ya wenye nyumba, mama," akajibu Kalunde. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akikukaribisha kwake, humkombei sufuria."

Hakuna mtu anayeshindwa vibaya kama yule anayeshindwa na maneno yake mwenyewe. Mvua ikazidi. Watu wakawa wanamtazama. Na hapo ndipo kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, ikasikika sauti nene ya mtu ambaye midomo yake imevimba pamoja.

"Hodi," ikasema kwa unyenyekevu. "Naomba ruhusa ya kutoka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kubisha hodi ili atoke. Nyanzala alicheka mpaka akakalia kinu, na alipopata pumzi akakipiga kibuyu kwa kiganja. "Kimejaa," akasema. "Nusu ni asali, na nusu ni hiyo hodi. Pikeni wanzuki."

Wanzuki ulikuwa mwepesi mwaka ule, wazee walinung'unika kidogo, kisha wakamaliza. Bwana harusi alicheza akiwa na jicho moja, lile jingine lilikuwa bado limefumba. Na Kalunde alipohamia kwake hakuchukua kilindo kile. Alikiacha kwenye panda ya mninga na waliomo, akatengeneza kingine cha nguo. Mwaka uliofuata kundi liligawanyika, likahitaji nyumba ya pili, naye akalishonea. Mhoja ndiye aliyekuwa akipanda kutundika. Kabla hajaweka mguu kwenye shina, alibisha.

Tangu jioni ile ya mvua, nyuki wa nchi hii wanaishi ndani, gizani, nyuma ya tundu dogo, na sisi tunawashonea magome na kuyapaka nta kama kilindo cha bibi harusi. Ndiyo maana tunagonga kabla ya kufungua. Wakinguruma kisha wakatulia, umekaribishwa. Wakinguruma wasitulie, rudi kesho, na kama una kichwa kigumu, mkumbuke Mhoja. Ndiyo maana tunapitisha moshi mwembamba wala hatuwashi mwenge, na ndiyo maana hatukati masega yote. Anayekata yote huamka siku moja akakuta mzinga mtupu, nyuki wamehama bila kuaga, kama naye alivyoingia bila kubisha. Nimesikia kwa wasafiri kwamba ng'ambo ya bahari, katika misitu ya joto ya mashariki ya mbali, wapo nyuki wakubwa ambao mpaka leo hutundika sega lao nje, kwenye matawi ya miti mirefu, na ni wakali kama wale wa kale. Wapo pia wenzao wadogo wanaokaa ndani, kwenye magogo na vyungu vya watu. Nadhani hao wadogo habari za Kalunde ziliwafikia, na wale wakubwa bado wanasubiri mtu wa kuwabishia.

Limebaki neno moja, nalo alituachia Kalunde mwenyewe alipokuwa mzee wa kuongozwa kwa fimbo. Mjukuu wake alimwambia kwa upole, kama mnavyowaambia wazee wenu mnapodhani wamechanganyikiwa, "Bibi, wale walikuwa nyuki tu, hawakuwa babu Lubigisa."

"Najua," akasema bibi. "Nilijua siku ya pili. Babu hakuwa na mabawa."

"Sasa mbona uliendelea kuwapigia hodi?"

Kalunde akamtazama mtoto yule kwa mshangao kabisa. "Kwani mwenye nyumba akiwa nyuki," akasema, "si mwenye nyumba?"

Haya, nasikia asali imekwisha kuchujika. Vibuyu vyenu viko ndani ya ghala langu, mlango ndio ule. Wewe uliyecheka, tangulia. Nadhani unajua cha kufanya ukifika.